Nilifunga Ukurasa wa Ciarunji kwa Paswadi

Ukurasa ulikuwa umefungwa kwa paswadi, lakini namba ya walioufungua ilikuwa inapanda tu. Na mzee wa watu alikuwa amesimama mbele ya kaunta yangu, analia kwa furaha.

"Tabby, ona. Ameingia tena."

Nikaangalia ile simu. Nikasema, "Ni kweli, guka."

Hiyo "ni kweli" ndiyo inaninyima raha mpaka leo. Wacha nianze mwanzo.

Niko na saiba hapa Majimbo, Embu mjini. Naprinti, napiga fotokopi, na watu wakitaka websaiti nawatengenezea. Mzee Gichovi ni mteja wangu. Aliuza nyama sokoni miaka mingi, siku hizi amestaafu, anakaa shambani Kanja na mkewe, Phyllis. Watoto wao ndio walinipa kazi ya websaiti ya familia. Picha za harusi, wajukuu, ng'ombe mpya, mambo kama hayo. Mzee mwenyewe namwita guka, vile huku kwetu tunaita babu.

Siku moja akaja peke yake, kofia mkononi.

"Tabby, nyumba inaweza kuwa ya kila mtu, halafu chumba kimoja kiwe na kufuli?"

"Unataka ukurasa mmoja ufungwe?"

"Huo mmoja tu. Na Phyllis asijue."

Kumbe kabla ya kuoa alikuwa amezaa msichana huko Meru. Anaitwa Teresia, ni mwalimu huko huko, shule ya Kaaga. Guka hakumlea hata siku moja. Lakini mama ya huyo mtoto, pamoja na kuachwa kwenye mataa, alimpa mtoto jina la mama ya Gichovi. Ciarunji.

Kama si wa huku, elewa hivi. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo Phyllis alipozaa msichana wake wa kwanza, kila mtu alingoja aitwe Ciarunji. Mzee akakataa katakata. Jina lilikuwa na mwenyewe tayari. Phyllis amemuuliza sababu miaka yote hiyo na hajawahi kujibiwa.

Sasa mzee alitaka kumwambia Teresia kila kitu kwa sauti yake, kwa sababu kalamu inamshinda. Nikampa simu arekodi, nikatoka nje, nikafunga mlango. Hapo nilikuwa bado mtu mzuri.

"Paswadi iwe nini, guka?"

"Jina la cucu yake, mama yangu mimi. Hilo hakuna haja ya kumfundisha."

Tukamtumia Teresia meseji yenye linki, na chini yake tukaandika kwamba neno la kufungua ni jina la cucu aliyeitwa. Nikaweka pia kidude cha kuhesabu kila mara ukurasa unapofunguliwa, mzee awe anaona kwa simu yake.

Kesho yake nikaingia. Nilijiambia ni kujaribu kama sauti inatoka. Sauti ilikuwa inatoka vizuri. Ningeweza kufunga hapo.

Nikasikiliza mpaka mwisho.

"Ciarunji," mzee alikuwa anasema, "kuna siku nilikuja mpaka geti la shule yenu. Ulikuwa mdogo, umebeba jerikeni. Nikaangalia viatu vyangu, nikaona viko na damu ya mbuzi kutoka buchari. Nikaona aibu, nikarudi Embu. Mtoto wangu, haikuwa viatu. Niliogopa."

Baba yangu mimi alikufa bila kuniambia neno lolote la maana. Alikuwa ananiuliza kama nimefungia kuku, basi. Kwa hivyo nikarudia. Na siku iliyofuata nikarudia tena, nikiwa na chai yangu, kama mtu anayesikiliza redio.

Sikufikiria kile kidude cha kuhesabu. Aki nilisahau kabisa, na mimi ndiye nilikiweka.

Guka hakusahau. Ndiyo siku alikuja akilia. Aliamini msichana wake anasikiliza, anarudia, anasikiliza tena. Ningemwambia nini? Kwamba ni mimi naingia chumba alichofungia mtoto wake? Nikaona aibu. Nikasema ni kweli.

"Basi nitaenda Kaaga," akasema. "Mtu hawezi kukusikiliza hivyo halafu akufukuze."

Nikamtakia safari njema. Ndiyo, mimi.

Alienda na suti yake ya kanisa na mguu wa mbuzi aliyemchinja mwenyewe. Alirudi jioni, akapitia kwangu kabla ya kwenda nyumbani. Ule mguu bado alikuwa nao, umefungwa kwa gazeti.

"Hajasikiliza kitu," akasema. "Alidhani ile meseji ni ya wakora. Ameniuliza mbele ya walimu wenzake mimi ni nani."

Nikaanza kupanga karatasi za printa zilizokuwa zimepangika tayari.

"Sasa Tabby, ni nani amekuwa akiingia?"

Hapo ndipo mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi wote. Nikasema, "Labda kuna mtu alikisia jina."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akafikiria. Kisha akasema polepole, "Phyllis."

Ni nani mwingine angekisia? Hilo jina amelililia tangu azae. Na mimi nikanyamaza, mama wa watu akahukumiwa nikiwa nimekaa hapo hapo.

"Wacha nibadilishe paswadi," nikasema, nikijifanya fundi. Nikaweka ingine ndefu, ya namba na alama, mtu asiweze kukisia. Mzee akaniachia ile nyama kwa sababu hangeweza kueleza nyumbani ilikuwa imeenda wapi. Nikaipika nikaila, wacha nisijifanye mtakatifu.

Wiki hiyo hiyo Phyllis akaja kupiga fotokopi ya kitambulisho. Alikuwa amekonda.

"Tabby, mzee ananiangalia kama mwizi. Hata chakula changu anaacha. Hajakuambia nimemkosea nini?"

"Hajaniambia, cucu."

Alipotoka nikaingia kwenye ile websaiti kutoa kile kidude, nikidhani nikikitoa nitapata usingizi. Ndani huko kuna mahali panawekwa paswadi zilizokataliwa. Huwa siangalii, kwa kawaida ni watu wamebonyeza vibaya. Siku hiyo nikaangalia.

Kulikuwa na Ciarunji. Ikakataliwa.

Kulikuwa na ciarunji kwa herufi ndogo. Ikakataliwa. CIARUNJI kwa herufi kubwa. Ikakataliwa.

Na ya mwisho, kwenye kile kisanduku cha paswadi, mtu alikuwa ameandika: baba ni mimi Ciarunji.

Ilikataliwa pia.

Nililia mpaka mteja akageuka mlangoni akaenda zake. Teresia alikuwa amemfukuza mzee, kisha akaenda kutafuta ile meseji. Alileta jina sahihi, jina lake, na kufuli yangu mpya ikamwambia si yeye.

Nilifunga saiba saa hiyo hiyo nikaenda Kanja. Niliwakuta wote wawili wanachambua maharagwe, kila mtu na karai yake, hawaongei. Nikaanza kusema nikiwa bado nimesimama. Nilisema ni mimi nilikuwa nikiingia, ni mimi nilinyamaza, ni mimi nilibadilisha paswadi ikamkataa Teresia. Kwa kusema hivyo nikatoboa siri ya mzee mbele ya mkewe, lakini singeweza kumsafisha Phyllis bila kutaja Meru.

Nilingoja matusi. Guka aliendelea kushika maharagwe yale yale.

"Ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Ndiyo, guka."

"Basi kuna mtu amenisikia," akasema. Angenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Phyllis aliweka karai yake chini. Kisha akasema, "Kwa hivyo jina lilienda Meru." Akanyoosha mkono. "Nipatie namba yake."

Akapiga yeye mwenyewe, simu ikiwa kwa spika.

"Ciarunji," akasema. Ni jina alilokuwa ametaka kuita mtoto nyumbani kwake. "Mimi ni Phyllis, mke wa baba yako. Si yeye alikufungia. Ni fundi."

Halafu Teresia akajibu, "Nilidhani amebadilisha roho." Akasema atafikiria. Akakata.

Paswadi nimerudisha ile ya kwanza. Kidude cha kuhesabu nimekitoa, kwa hivyo sijui kama ameshaingia, na sitakiwi kujua. Guka hajarudi kwangu. Websaiti amepatia fundi mwingine, na ana haki.

Kwa wewe unayefungia watu vitu vyao, iwe simu, iwe barua pepe, iwe ukurasa mmoja tu: kufuli yako inazuia kila mtu isipokuwa wewe. Mwenye mali anajua hivyo na bado amekuamini. Usiingie. Na kama umeshaingia, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajavaa suti ya kanisa kwa sababu yako.