Georgette na Nyumba ya Ngazi Mbili

Kwa miezi saba, kila siku ya kazi baada ya sala ya alasiri, wanawake watatu walikaa mbele ya televisheni moja huko Nyawera, katikati ya Bukavu. Mwenye nyumba, Bi Nafisa, mjane wa mfanyabiashara wa vitenge, alikaa kwenye kochi kubwa. Binti yake wa mwisho, Yasmine, mwanafunzi wa chuo kikuu, alijilaza kwenye kochi la pembeni na simu mkononi. Mwingine alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, ungo wa mchele mapajani, ili sufuria ikifurika asichelewe. Huyo alikuwa Georgette, ingawa katika nyumba ile hakuna aliyemwita hivyo.

Alizaliwa upande wa Kamituga, kwa wakulima walioacha mashamba wakafuata dhahabu. Mwaka 1989, akiwa na miaka kumi na tisa, alimwacha binti yake mchanga, Mireille, kwa mama yake, akapanda lori la wafanyabiashara mpaka Bukavu kutafuta kazi. Aliyempokea ni Bi Kulthumu, ambaye baadaye alikuja kuwa mama mkwe wa Nafisa. Alimuuliza jina, akaambiwa Georgette. Alijaribu kulitamka mara mbili, ulimi ukakataa. Wasichana wawili walikuwa wamepita kabla katika jiko lile: wa kwanza aliolewa, wa pili alifukuzwa.

"Wewe uko wa tatu," Bi Kulthumu alisema. "Tutakuita Tatu. Iko jina muzuri. Hata shangazi yangu wa Uvira aliitwa vile."

Basi akawa Tatu. Nafisa alipoletwa kama bibi harusi miaka miwili baadaye, alimkuta Tatu jikoni, na watoto walipozaliwa walimwita Maman Tatu. Jumapili kanisani huko Bagira, mtaa alikokwenda kila mwisho wa wiki, alikuwa Maman Georgette, mwimbaji wa sauti ya pili. Jumatatu alfajiri, akifungua geti la Nyawera, alikuwa Tatu tena. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa na jina la kanisani na jina la jikoni, kama alivyokuwa na kitenge cha kanisani na kitenge cha jikoni.

Mchezo waliokuwa wakitazama uliitwa Nyumba ya Ngazi Mbili. Ulitengenezwa ng'ambo, na sauti zake zilitiwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kiasi kwamba mabwana wa Ulaya wa miaka mia iliyopita, wenye kofia ndefu na masharubu, walisikika wakisema "hebu nipishe" na "naomba radhi." Hadithi ilihusu jumba la tajiri. Mbele kulikuwa na ngazi pana ya familia, nyuma kulikuwa na ngazi nyembamba ya watumishi. Dunia yao ilikuwa inageuka: gari la kwanza lilikuwa limeingia uani, binti wa nyumba, Amelia, alitaka kazi ya kuunganisha simu posta, na watumishi walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwenda viwandani.

Kila kipindi kilileta ubishi wake. Nafisa alimtetea mama wa jumba, Bibi Leonora, aliyekuwa mkali lakini, kwa maneno yake, alijua kushika nyumba. Yasmine alimtetea Amelia.

"Anataka kufanya kazi, Maman. Njo kosa gani?"

"Baba yake iko na mashamba ine. Anaenda kutafuta nini mu posta?"

"Anatafuta yake mwenyewe."

Georgette alikuwa haingilii mambo ya mashamba na posta. Yeye alitazama mikono. "Ule binti hata kufunga nywele yake hajue," alisema siku moja. "Kila asubui banamufunga. Kazi ya posta ataiweza?" Siku nyingine alimwona mpishi wa jumba akikata vitunguu, akacheka peke yake. "Ule hajapika hata siku moja. Angalia vile anashika kisu." Nafisa na Yasmine walikuwa wakiacha ubishi wao na kucheka pamoja naye.

Mwezi wa saba wa mchezo, akaingia mtumishi mpya. Alikuwa msichana mwembamba kutoka shambani, aitwaye Rosa, mwenye sanduku la mbao. Bibi Leonora alimtazama kutoka juu ya ngazi pana, kisha akasema kwa Kiswahili safi cha pwani: "Katika nyumba hii, mtumishi wa chumbani huitwa Marta. Aliyekutangulia alikuwa Marta, na wewe utakuwa Marta." Msichana akainama na kusema, "Ndiyo, Bibi."

Yasmine aliweka simu chini. "Maman, uliona? Banamunyanganya jina!"

"Habamunyanganye," Nafisa alisema. "Iko desturi ya nyumba. Kazi iko na jina yake. Mutu akiingia mu jeshi, si banamuita kaporali?"

"Kaporali iko grade, haiko jina."

"Na yeye mwenyewe amekubali. Ulimusikia anakatala?"

"Angekatala, angelala wapi?"

Yasmine, akitafuta mtu wa kumuunga mkono, aligeukia mlango wa jikoni. "Maman Tatu, unasema nini? Ungekuwa wewe, ungekubali?"

Georgette aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Mi nilikubali," alisema.

"Ulikubali nini?"

"Jina yangu haiko Tatu. Naitwa Georgette."

Yasmine alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama mama yake, na mama yake alikuwa anatazama televisheni. Akaacha kucheka.

"Njo vile, Maman?"

"Nilimukuta na ile jina," Nafisa alisema. "Marehemu bibi yako njo alimupatia."

"Na wewe ulijua?"

"Kila mutu anajua."

"Mi sikujua," Yasmine alisema. "Miaka makumi mbili niko mu hii nyumba, sikujua."

Georgette alieleza kwa maneno machache. Wa kwanza aliolewa, wa pili alifukuzwa, yeye akawa wa tatu. Hakupandisha sauti. Alikuwa akipepeta mchele huku anasema, na pumba zilikuwa zinaruka mlangoni.

Pengine lingeishia hapo kama Nafisa angenyamaza. Lakini alijiona amewekwa kizimbani ndani ya sebule yake, na binti yake ndiye hakimu. Akageuka kwenye kochi.

"Na wewe?" alimwambia Georgette. "Wewe haukugeuza jina ya mutoto yangu? Haukumuita Pascal?"

Hili Yasmine alilijua, kwa kuwa lilisimuliwa kila mwaka nyumbani. Mwisho wa mwaka 1996 Nafisa na mumewe walikwenda Uvira kwenye msiba, wakamwacha mwana wao wa kwanza, Latifu, mwenye miaka miwili na homa kali, mikononi mwa Georgette. Siku chache baadaye vita vikafunga barabara, na Bukavu ikaanza kukimbia. Georgette alimfunga mtoto mgongoni, akachukua sufuria moja na kilo mbili za unga, akafuata watu kwa miguu kuelekea Mwenga. Alitembea wiki mbili na siku tatu. Penye kizuizi cha kwanza wenye bunduki waliuliza mtoto ni wa nani. Aliogopa kwamba mtoto wa mfanyabiashara angeshikwa ili wazazi wakamuliwe pesa, akajibu: "Iko wa kwangu. Anaitwa Pascal." Alimwita hivyo njia nzima, mpaka mtoto mwenyewe akaanza kuitika. Kwa mama yake Georgette huko Kamituga, Latifu alilala kitanda kimoja na Mireille, na Mireille, aliyekuwa na miaka saba, alimpikia ndugu huyo mpya uji kila asubuhi.

Georgette aliweka ungo chini. "Niligeuza, ndiyo," alisema. "Miezi mitatu. Kisha nilikurudishia mutoto, na jina yake."

Kwenye televisheni lilikuwa limeanza tangazo la sabuni. Georgette aliinuka, akaenda jikoni kuosha mchele.

Baadaye alimwambia Mireille kwamba alikuwa amengoja hasira imjie usiku ule, na haikuja. Alilala vizuri. Kilichomsumbua ni kwamba hakujua alitaka wamfanyie nini. Wakimwomba msamaha, angejibu nini? Wakinyamaza, basi amesema ya nini?

Siku nne televisheni haikuwashwa. Nafisa alisema kichwa kinamuuma. Siku ya tano aliiwasha mwenyewe, na mtumishi wake alipofika na kigoda chake, alimwita. Jina lilimtoka kwa shida: "Zo... Zorozeti. Kuja ukae huku." Alikuwa akionyesha kochi.

Georgette alisita. Alikaa ukingoni, mgongo wima, na kwa mara ya kwanza katika miezi saba hakusema chochote juu ya mpishi wala mikono ya mtu yeyote. Kutoka pale hakuweza kuliona jiko. Maharagwe yaliungua. Kesho yake alirudi kwenye kigoda, na Nafisa hakumzuia.

Jina lilikwenda vivyo hivyo, kwa kusuasua. Yasmine alilishika mara moja, akalitamka kwa Kifaransa kizuri kuliko hata padri. Nafisa alilikumbuka asubuhi na kulisahau jioni. Georgette mwenyewe alichelewa kuitika. Mara mbili aliitwa akiwa uani kwa jina lake la ubatizo na akaendelea kufua, akidhani anaitwa mtu mwingine.

Mwisho wa mwezi uliofuata alisema anaondoka. Hakusema kwa ugomvi. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua kwenye miinuko, na Mireille, aliyekuwa mwalimu huko Bagira, alikuwa amejifungua mtoto wa tatu na kumwomba aje wakae pamoja. Lakini Nafisa alitaka kujua zaidi.

"Iko ju ya ile maneno ya Marta?"

"Hapana, Mama Latifu. Mireille sikumulea. Ninataka kulea hata mutoto yake."

Nafisa aliitikia kwa kichwa. Alimpa vitenge vitatu vipya, na blanketi. Latifu, aliyekuwa amehamia Lubumbashi kwa biashara, alipiga simu, wakaongea karibu saa nzima. Georgette hakumwambia mtu waliongea nini, ila alitoka chumbani akiwa amefuta macho.

Akaja msichana mwingine wa kazi, mwepesi wa mkono, aliyetazama mchezo bila kusema neno. Yasmine akaingia kwenye mitihani. Nafisa akajikuta anabishana na televisheni peke yake. Rosa, yule aliyeitwa Marta, alitoroka jumba na kufungua duka la mikate mjini. Nafisa alimwita asiye na shukrani, kwa sauti, na hakuna aliyempinga.

Siku sitini na kitu zilipopita, Nafisa alipanda basi dogo la Bagira. Katika miaka thelathini na zaidi hakuwahi kufika huko alikotoka mtu wake kila Jumatatu. Alishuka kituoni na viatu vyake vya ngozi, akamuuliza mama muuza mboga nyumba ya Tatu.

"Tatu yupi?"

"Tatu. Mama mumoja mufupi, iko na goti inauma. Alikuwa anafanya kazi mu Nyawera."

Mama muuza mboga aliwauliza wenzake. Hakuna aliyemjua Tatu. Nafisa alisimama kidogo, akapanga ulimi wake, kisha akasema polepole: "Georgette. Maman Georgette."

"Aa! Maman Georgette wa kwaya! Mama ya mwalimu Mireille! Sema vile basi." Na akampa mtu wa kumsindikiza.

Georgette alikuwa uani anamwogesha mjukuu kwenye beseni. Alimwona mgeni, akashtuka, akakausha mikono. Aliingia ndani na kurudi na kiti kizuri kuliko vyote, akakiweka kivulini, naye akakaa kwenye kiti kingine kando yake. Kwa mara ya kwanza Nafisa alikuwa mgeni wa mtu huyu, na hakujua aweke mikono wapi. Mireille alitoka, akamsalimu kwa heshima, bila uchangamfu mwingi. Aliandaa bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akarudi kusahihisha madaftari yake.

Walikula. Waliulizana habari za goti, za Yasmine, za Latifu aliyetaka kuoa. Nafisa alimshika mtoto kidogo. Kisha akasafisha koo.

"Ule Marta alikimbia, ulijua?"

"Rosa," Georgette alisema. "Niliona. Jirani iko na televisheni."

"Bibi Leonora alimulisha, akamuvalisha. Na yeye anaenda bila kuaga, bila hata..."

"Alienda kupika mikate yake, Mama Latifu."

"Angeaga!"

"Angeaga, banamufungia mulango." Georgette aliongeza mboga kwenye sahani ya mgeni. "Lakini ile mikate haitatoka muzuri. Uliona vile alikuwa anakanda? Na vidole tu, kama mutu anaogopa unga."

Nafisa alicheka, akapaliwa, akaomba maji. Waliendelea kubishana mpaka saa kumi na mbili kasoro, juu ya Rosa, juu ya Amelia aliyepata kazi posta na kukataa wachumba wawili, juu ya gari lililoua mbwa wa jumba. Hawakukubaliana hata kwa moja. Georgette alimsindikiza mpaka kituoni, akichechemea, wakangoja basi lijae.