Kazi Kumi za Fomu ya Mjini

Fomu ililetwa shuleni kwetu Ole na bwana mmoja aliyevaa koti la suti kwenye joto la Pemba, na hilo peke yake lilitosha kunijulisha akili yake. Juu iliandikwa "Naijua Kazi Yangu ya Kesho". Chini zilipangwa kazi kumi: rubani, daktari, injinia, mwanasheria, na nyingine za namna hiyo. Kila mwanafunzi wa darasa la sita achague moja, amtafute mtu anayeifanya, amhoji, aandike daftarini. Watatu bora wangepelekwa kambi ya masomo Chake Chake, wiki nzima. Nilimuuliza yule bwana watoto wa Ole watampata wapi rubani wa kumhoji. Akacheka, akasema nisiwawekee watoto mipaka. Kisha akala wali wetu, akapanda gari akaenda zake.

Watoto walitii. Kumi na mmoja walichagua urubani, na wote wakaenda kwa mzee mmoja jirani na msikiti, kwa sababu ndiye pekee waliyemjua kuwa aliwahi kupanda ndege, alipokwenda Hija. Mzee wa watu hakuwavunja moyo. Nikasahihisha madaftari kumi na moja yanayoeleza kuwa kazi ya rubani ni kufunga mkanda, kula kuku kwenye kisahani na kusoma dua wakati wa kutua. Mwalimu mkuu aliyapitia akasema yanaridhisha. Sikushangaa. Kwake yeye kila karatasi inaridhisha, mradi ina muhuri.

Daftari moja tu lilikuwa na utafiti. Lilikuwa la msichana mdogo wa mwili, mkaidi, anayelelewa na bibi yake. Hakuchagua hata moja kati ya zile kazi kumi. Alichora mstari wa kumi na moja kwa rula, akaandika: muoteshaji wa miche ya mikarafuu. Alikuwa ameokota mpeta, zile karafuu zilizoachwa mtini mpaka zikaiva, akaziroweka, akazimenya, akaziotesha kwenye vifuu arubaini chini ya kivuli cha makuti. Alimhoji bibi yake, kisha akambishia. Bibi alisema maji asubuhi na jioni. Yeye akagawa vifuu mafungu mawili ili ajionee mwenyewe. Miche iliyonyweshwa mara mbili ilioza mizizi. Aliandika siku, akaandika idadi, akachora majani, ukurasa baada ya ukurasa. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijapata kuona kazi ya mtoto iliyonifurahisha vile, na nataka hilo lijulikane kabla sijasema nilichofanya.

Nilimwita mezani.

"Hii si kazi," nikamwambia. "Kazi ziko kwenye fomu. Andika daktari."

"Mwalimu, mie daktari n'mhoji nani?"

"Nakili kwenye lile bango la afya pale ukutani."

Nilijiambia kuwa bwana wa koti angelitupa daftari lile bila kulisoma, na kwamba nilitaka mtoto aende kambini. Uongo mtupu. Niliogopa kuonekana mwalimu wa shamba mbele ya mtu niliyekuwa namdharau. Nikazichana zile kurasa za miche kwa mkono wangu mwenyewe, zikachomwa pamoja na taka za shule.

Alinakili udaktari, akashika nafasi ya pili, akaenda Chake Chake, akarudi na fulana.

Mwezi uliofuata bibi yake alinijia nyumbani na mche mmoja ndani ya kifuu. "Mwalimu, mjukuu wangu hana haja nayo tena, mingine kaitupa," alisema. "Huu n'kaona nikuletee weye."

Niliupanda nyuma ya nyumba. Wiki ya tatu majani yakaanza kukauka kwenye ncha. Nilikumbuka kuwa yule msichana alikwisha kuandika habari za ncha hizo, ukurasa mzima, na michoro juu yake. Nini alichoandika, sikukumbuka. Nikamwita baada ya vipindi, nikamuuliza dawa yake.

Alisimama wima, mikono nyuma, kama tunavyowafundisha.

"Sijui, Mwalimu," akasema kwa adabu. "Ile si kazi."