Baba Mkwe Aliyesahau Kwamba Nimeachwa

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, baba wa mwanamke aliyeniacha alinigongea mlango akiwa ameshika upinde.

Nilichungulia dirishani. Nikaona upinde, nikaona na mshale. Nikajisemea, Troy, leo ndiyo leo.

Maana mimi na binti yake hatukuachana kwa wema. Janelle aliondoka wakati wa baridi, akaenda kuishi mji wa Peoria na jamaa mmoja fundi wa mapaa, aitwaye Rick. Na huyu mzee, Verlyn, ndiye aliyekuja na pikapu yake kubeba kochi.

Alishika upande mmoja, mimi nikashika wa pili. Hatukusemezana. Yaani mke wangu alikuwa anahama, na mimi nilisaidia kupakia.

Tangu siku hiyo sikumwona tena, mpaka asubuhi hiyo.

Nikafungua mlango.

"Vaa mabuti," akasema. "Mto umefurika, karpi wameingia kwenye majani."

Halafu akanyoosha shingo, akaangalia ndani juu ya bega langu.

"Janelle bado kalala?"

Niliduwaa. Nikamtazama usoni nione kama ananiletea utani. Mzee kakauka, anasubiri jibu.

"Yuko kazini," nikasema.

Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Lilinitoka tu.

"Leo Jumamosi?"

"Wamembana."

"Haya. Atatukuta."

Nikavaa mabuti.

Huku kwetu kando ya mto Illinois, karpi ni samaki asiye na heshima. Mnene, mzito, anachimba matope kama nguruwe. Wengi hawamli, na ukiwa na leseni yako ya uvuvi hakuna atakayekusumbua ukiwapunguza. Maji yakipanda wanaingia kwenye majani mafupi kutaga, migongo nje. Wewe unaingia taratibu, maji magotini, unawapiga kwa mshale uliofungwa kamba.

Mimi sikuwahi kushika upinde maishani. Na mfukoni nilikuwa mweupe, kodi yote ilikuwa imebaki juu yangu.

"Hununui kitu," Verlyn alisema. "Wanaoanza kwa kununua ndio wanaoacha mapema."

Upinde wa kunipa aliupata kwa mtu aliyeanika vitu vyake vya zamani mbele ya nyumba, anauza kwa bei ya kutupa. Mbele ya upinde alifunga kopo la kahawa kwa utepe mweusi, na kamba ikazungushwa kwa mkono juu ya lile kopo. Mshale ulikuwa mzito, hauna manyoya, una ndoano kichwani. Miwani ya jua ilikuwa yake ya zamani, ile ya kukata mng'aro wa maji.

"Kamba isikuguse popote," akasema. "Isishike kidole wala kifungo cha shati. Ikinasa, mshale unakurudia usoni."

Nikapiga wa kwanza. Patupu.

Wa pili, patupu.

"Umelenga wapi?"

"Samaki, mzee. Nilenge wapi tena?"

"Yule unayemwona si yeye, ni maji yanakudanganya. Mwenyewe yuko chini yake. Lenga chini. Ukiona umeshuka vya kutosha, shuka tena."

Siku hiyo nilichoma matope tu. Lakini nilirudi nyumbani nimelowa mpaka kiunoni, nikala, nikalala. Usingizi wa kweli. Nilikuwa nimeusahau.

Jumamosi iliyofuata akaja tena.

"Janelle yupo?"

"Kaenda kwa dada yake."

Nyingine tena.

"Janelle vipi?"

"Mafua. Kalala, tusimwamshe."

Ndugu yangu, nikazoea. Ikafika mahali uongo wa Jumamosi naanza kuuandaa Alhamisi. Na katika uongo wangu Janelle alikuwa mke mzuri kupita yule niliyekuwa naye. Alipona mafua. Aliniwekea mikate ya soseji ya kula mtoni, kumbe nimeitengeneza mwenyewe alfajiri. Siku moja nikasema anapaka rangi jikoni.

"Rangi gani?"

"Njano."

Jumapili nikaenda dukani, nikanunua rangi ya njano, nikapaka jikoni peke yangu. Eti kwa sababu mzee anaweza kuomba kuingia ndani. Hicho ndicho nilichojiambia.

Mwezi wa sita nikaua karpi wangu wa kwanza. Kamba ilivutika mkononi, samaki akageuka, maji yakanirukia mpaka kichwani. Verlyn akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo mpelekee Janelle akamfukie kwenye nyanya zake, awe mbolea."

Nikampeleka. Nikamfukia mwenyewe. Nyanya zenyewe hazikuwepo, ni magugu tu.

Sasa ikaja siku Verlyn alikosea hatua. Kulikuwa na mtaro chini ya majani, akazama mpaka kifuani. Nikamvuta kwa kola ya koti. Akakaa ukingoni, anahema, midomo ya bluu.

"Huku unakuja na nani siku za kazi?" nikamuuliza.

"Peke yangu."

Hapo presha ikanipanda. Mzee asiyejua hata binti yake anaishi wapi, anaingia mtoni peke yake. Ningenyamaza vipi?

Nikampigia simu Janelle.

Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu mahakamani, siku ya talaka.

"Troy? Kuna nini?"

"Baba yako anasahau," nikasema. "Anadhani bado tunaishi pamoja. Kila Jumamosi ananiuliza uko wapi."

"Jumamosi ipi? Baba anakuja kwako?"

"Kila wiki."

"Troy, Jumapili alikula hapa kwangu. Amebishana na Rick mchana kutwa habari za mabati. Anajua ninapoishi."

Nikamweleza jinsi alivyozama mtoni.

Hata hivyo Janelle alimpeleka hospitali, kwa usalama. Baada ya siku kadhaa akanipigia mwenyewe.

"Hana kitu. Daktari kamzungusha maswali yote, akili yake inakata kuliko yangu." Halafu akauliza, "Sasa kwa nini anakuuliza mimi niko wapi?"

Nikamwambia sijui. Nikakata simu.

Nilikasirika. Miezi yote hiyo najichoma na mauongo, kumbe mtu mzima ananichezea shere.

Jumamosi hakuja. Nikawasha gari, nikamfuata kwake.

Nikamkuta gerejini, ananoa kichwa cha mshale kwa tupa. Hakuinua uso.

"Janelle kaniambia," nikasema.

"Najua."

"Ulikuwa unanicheka, mzee?"

Tupa ikasimama.

"Ningekuja kama nani?" akasema.

"Vipi?"

"Kwako. Nigonge mlango, ufungue, niseme mimi ni nani? Ukwe umekwisha, mmeshatia sahihi. Nilibeba lile kochi, Troy. Nilipolishusha kule Peoria nikakaa ndani ya gari. Nikafikiria nani atanipigia simu siku yangu ya kuzaliwa. Miaka yote ulikuwa unapiga wewe. Janelle husahau."

Akaugeuza mshale mkononi, akaendelea.

"Nikaona mtu aliyesahau hafukuzwi mlangoni. Nilitaka siku moja tu, tuvue, nikuone unaendeleaje. Ukaniambia yuko kazini."

"Ulijua ni uongo."

"Nilijua. Nikaona na wewe hutaki iishe. Basi nikawa nauliza."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia. Yeye akaendelea kunoa mshale, taratibu, mpaka nilipomaliza.

"Twende," akasema. "Jua linapanda."

Tukaenda. Njiani hakuniuliza kitu. Mimi nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa nimelifikiria tangu Alhamisi kwa mazoea, likabaki kifuani.

Mtoni tukamkuta mtu na mbwa wake. Hatumjui. Akasimama kuangalia tunavyopiga, akamuuliza Verlyn, "Huyo ni mwanao?"

Verlyn akanitazama. Akafikiri.

"Hapana," akasema. "Ni rafiki yangu."

Nikageuka upande wa majani kama mtu aliyeona samaki. Hakukuwa na samaki.

Alikuwa amenipa neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Lakini duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja tu ambaye mbele yake nilikuwa bado mume wa Janelle, hata kama ni kwa kujifanya. Sasa na yeye aliacha. Watu wanadhani niliachwa siku ya kochi, au siku ya mahakama. Mimi niliachwa pale, maji magotini, mchana kweupe, na aliyeniambia ni mtu anayenipenda.

Nakuambia wewe uliyesoma mpaka hapa. Hakimu anagawa nyumba na magari, hagawi watu. Kama kuna mzee, shemeji au wifi uliyempenda kupitia mtu aliyekuacha, usisubiri akugongee. Mwendee wewe kwanza, na jina lolote litakalobaki mkononi. Usimwachie ajifanye mgonjwa ndipo apate njia ya kukufikia.