Niliandika Mbao Zimefika

Nimekosa, jamani. Sitafuti wa kunihurumia. Nataka tu mtu anisikie kabla roho haijapasuka.

Mimi ndiye nilikuwa naandika ripoti za saiti yetu hapa Shauri Moyo. Tulikuwa tunaezeka upya paa la shule ya nasari. Shule yangu iliishia Form Four, gredi hata sisemi, lakini bosi alipenda ninavyoandika. Nilishajiona meneja, helmeti nyeupe, vijana wa mjengo wananiita "mkubwa"!

Fundi wetu alikuwa Mzee Mutiso. Kila Ijumaa bosi akisoma ripoti alimpigia simu na kumfokea: "Kazi imelala ama ni wewe umelala?" Na kosa halikuwa lake! Mwenye stoo kule Gikomba alikuwa ameshalipwa, mbao haleti.

Ijumaa moja huruma ikanizidi. Nikajiambia, zitaletwa tu Jumatatu, acha mzee apumue. Nikaandika: "Mbao zimefika, kazi inaendelea vizuri." Bosi akajibu kwenye simu na alama ya kidole gumba. Nilifurahi kama mjinga!

Mbao hazikuja. Na bosi akaacha kumsumbua mwenye stoo, kwani si zimefika? Ningemwambiaje nilidanganya? Ijumaa iliyofuata nikaongeza: "Paa limefika nusu."

Siku moja bosi akatokea bila kutuambia. Akatazama juu, mbingu tupu.

"Mutiso, mbao zangu umeuzia nani?"

"Mbao gani, bosi? Hakuna mbao imewahi kuletwa hapa!"

Bosi akampigia mwenye stoo. Jamaa akaona bahati yake, akaapa alileta zote.

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, si wewe huandika? Waambie."

Nikaangalia viatu vyangu. Akafukuzwa hapo hapo kama mwizi.

Juzi nimeenda kwa bosi kukiri. Akacheka. "Huyo mzee amekulipa ngapi?" Akanifuta kazi pia. Nikakimbia kwa Mzee Mutiso kuomba msamaha. Mke wake alisimama mlangoni. "Kanisani wamemtoa kwa uhazini," akasema. "Amesikia sauti yako. Hataki kutoka."

Wewe unayeandika ripoti mahali, kitu kama hakijafika andika hakijafika! Wacha bosi apige kelele mpaka achoke. Usimkinge mtu kwa uongo ukidhani unamsaidia.

Na kama kuna anayejua nitamsafisha vipi huyu mzee, aniambie, tafadhali. Ukweli nimeshausema, na hakuna anayeutaka.