Katoni Zisizokuwepo

Kiwandani walimwita Mama Waya, maana redio yoyote iliyonyamaza ilipita mikononi mwake. Kazi yake hasa ilikuwa kufunga katoni za sabuni, miaka kumi na tisa, mstari uleule.

Jumatano moja meneja aliwaita wafungaji sita wa mstari huo, akawagawia barua. Kihesabu cha mashine kilionyesha katoni nyingi kuliko zilizofika ghalani, hivyo kwa hesabu yake zilizopungua zimeibwa. Watie sahihi kukiri, watasamehewa.

"Mimi sitii sahihi," alisema Mama Waya.

"Una hadi Ijumaa."

Nyumbani wifi yake, aliyefunga katoni naye, alimfuata hadi chumbani na barua mkononi. "Mnyonge hana haki, wifi. Tutie sahihi yaishe."

"Mnyonge akishatia sahihi ndiyo hana haki kabisa! Hebu nipishe mezani."

Alifungua kompyuta aliyokuwa akisomea umeme katika masomo ya jioni. Ilikuwa na programu ya kuchora saketi na kuzijaribu bila kugusa waya. Akaunda kihesabu kama cha kiwandani, akakiunganisha na kizalisha mapigo, kile kinachowasha na kuzima umeme kwa mpangilio. Mapigo kumi yakaingia, kumi yakahesabiwa. Akaweka swichi badala yake, kama ile ya mashine inayogongwa na kila katoni ipitayo, akaibonyeza mara kumi. Kumi tena.

Wifi akaguna. "Si unaona? Mashine haina kosa."

Mama Waya akaisogelea kompyuta. Swichi ya kwenye kioo haizeeki, aliwaza. Ile ya kiwandani imegongwa na katoni miaka nenda rudi. Vyuma vyake lazima virukeruke kabla ya kutulia, na kila mruko uhesabiwe katoni. Akakirudisha kizalisha mapigo, akakipanga kiongeze vipigo vifupi mno hapa na pale, mfano wa ile mitetemo. Katoni zilikuwa kumi. Kihesabu kikasoma kumi na tatu.

"Wifi! Njoo umwone mwizi!"

Ijumaa, Mama Waya alipoipeleka kiwandani, fundi mkuu aliitazama kompyuta ile, akacheka. "Huu mchezo tu, mama. Humu ukitaka utaiba hata mwezi."

"Basi tuache mchezo. Twende kwenye mashine, ubonyeze mwenyewe."

Fundi akaibonyeza ile swichi mara kumi, akihesabu kwa sauti. Kihesabu kikasoma kumi na mbili. Akarudia kwa hasira. Kumi na nne. Akaufuta mkono kwenye suruali, asimtazame mtu.

Meneja alitaka kuzikusanya barua kimyakimya. Mama Waya akaketi juu ya katoni, na wenzake watano wakaketi.

"Mlituita wezi kwa sauti," alisema. "Tusafisheni kwa sauti."

Mstari ulisimama saa nzima. Mwishowe meneja akasimama mbele ya wafanyakazi wote, akasoma kwamba hakuna katoni iliyoibwa na swichi itabadilishwa. Alisoma mbiombio, macho kwenye karatasi.

"Huku nyuma hatujasikia," Mama Waya alisema. "Rudia."

Akarudia.