Mama Aliporudi Kwenye Mstari wa Lelemama

Sogea karibu kidogo nikueleze habari ya miguu ya mama yangu, maana huenda na wewe una mzee nyumbani aliyekalishwa.

Mama anaishi hapa Kilwa Masoko, nyumba ya pili kutoka kwangu. Masika fulani alikuwa anatoka uani na bakuli la mchele, akajikwaa mlangoni, akaangukia ubavu. Hospitali walimpiga picha wakasema mfupa mzima, nyama ndiyo iliyoumia. Maumivu yakipungua atembee, wakasema, afanye na mazoezi, kwa sababu miguu ya mzee ikikaa sana husahau kazi yake.

Sisi tulishika neno moja tu, maumivu. Kwetu mzee akiumia hupumzishwa. Mkwe humpokea ndoo, mjukuu humletea maji ya udhu pale pale kwenye mkeka, na ufagio hufichwa. Mwanamke mwenye mabinti akionekana anafagia, jirani atapita na kusema kwa sauti ya kusikika, "Maskini, na watoto anao." Hakuna anayetaka kuambiwa hivyo. Basi mama akakaa. Ubavu ukapona, lakini mapaja yakapungua, na kila aliposimama mkono wake ulitafuta ukuta. Akaanguka tena, safari hii bila kujikwaa na kitu.

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alipopata habari alipiga simu. Alisema baada ya mfungo atakuja kumchukua mama akaishi naye ghorofani, ambako kuna msichana wa kazi wa kumwangalia. Mama alinirudishia simu. Jioni akaniambia, "Huko juu nitamsalimia nani? Hapa nikifungua mlango, watu."

Nikajaribu mazoezi ya hospitali. Nilisimama mbele yake nikanyanyua goti, nikashusha, nikanyanyua jingine. Alinitazama hadi nikachoka.

"Mwanangu," akasema, "mimi askari?"

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyepata njia. Ujanani yeye na mama walicheza lelemama pamoja. Kama huijui, ni ngoma ya wanawake wa pwani. Husimama mstari, bega kwa bega, na mwili huhama taratibu kutoka mguu huu kwenda ule, mikono ikifuata. Hakuna kuruka. Macho hutazama mbele, kwa sababu anayetazama miguu yake huharibu mstari mzima.

Siku moja baada ya sala ya alasiri shangazi aliingia uani, akafunga mlango, akageuza debe na kuanza kulipiga.

"Inuka, wifi."

"Mtu mzima nacheza ngoma, watasema nini?"

"Watasema nini na mlango nimeufunga?"

Mama akainuka, mkono mmoja ukutani, akaanza kuyumba kidogo kulia na kushoto. Shangazi akamwangalia kuanzia chini.

"Hii ndiyo miguu kaka yangu aliyoitolea mahari?"

"Kaka yako alitolea mahari uso," mama akajibu. "Miguu alipewa bure."

Siku ile hawakucheza sana, lakini kesho yake mama alikuwa ameshafunga kanga kabla wifi yake hajabisha hodi. Ngoma haikuwa kazi, kwa hiyo hakuna jirani aliyeweza kusema tunamtumikisha. Majirani wawili hata waliomba kuingia.

Mimi nilikuwa natazama mwili. Mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwa muda mfupi husimama kwa mguu mmoja, na hilo ndilo mama alilokuwa amelipoteza. Mwanzoni nilimshika mikono, nikaona ananiegemea mimi badala ya kujitegemea. Nikamwachia, nikasimama karibu. Alitoka kwenye ukuta akahamia kwenye mgongo wa kiti kizito, kisha akakiacha kiti. Wakaongeza kwenda upande, kurudi nyuma, kugeuka polepole. Kanga tulimfungia juu ya vifundo, maana kanga inayoburutwa huangusha kuliko jiwe.

Kaka alifika siku chache baada ya Idi, na begi tupu la kuwekea nguo za mama. Akawakuta uani kwenye mstari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu bila kugeuza shingo.

Shangazi, alipoona kuna mtazamaji, akaongeza madaha. Akamsukuma mama kwa nyonga kama walivyozoea zamani. "Sogea wifi, unanibana!"

Mama akayumba kweli. Kaka akaliachia begi. "Shangazi! Utamvunja!"

Lakini mguu wa mama ulikuwa umeshatoka upande, umekanyaga, na wa pili umeufuata. Akasimama wima, akacheka. "Umezeeka, wifi. Zamani ulikuwa unasukuma."

Sikushauri umsukume mzee wako, na shangazi nilimsema baadaye. Lakini nadhani kuyumba kule ndiko kulikomwonyesha kaka jambo ambalo ngoma nzuri isingemwonyesha. Mzee hatuwezi kumzuia asijikwae kamwe. Tunachoweza ni kuufundisha mguu utoke kwa wakati.

Kaka alikula chakula nasi. Tulipotoka nje akaniuliza, "Dada, likitokea lolote utanipigia?"

"Nitakupigia."

"Basi abaki. Ila ile taa ya uani haitoshi."

Asubuhi alifunga taa kubwa zaidi, akapanda basi peke yake. Mama bado hutumia fimbo akienda sokoni, na siku za baridi magoti humuuma. Lakini udhu anachukua mwenyewe.

Ukitaka kuanza na wako, muulize kwanza mganga wa zahanati kama ana kizunguzungu au maumivu ya kifua. Kisha ondoa mikeka na vyombo sakafuni, weka kiti kizito ukutani, mvue kandambili, umfungie kanga juu ya vifundo. Mwimbie wimbo anaoujua. Simama karibu naye bila kumshika, na mwache ahamishe uzito mguu hadi mguu mpaka wimbo uishe.