Vigelegele vya Nafasi ya Nne

Kwetu Kibirichia, mama ndiye ubao wa matokeo. Michezo ya Afrika ikifika anaacha kupalilia waru, viazi vyetu, anavaa sweta lake la kanisani na kukaa mbele ya televisheni. Kenya ikipata medali anatoka uani kupiga vigelegele. Vitano ni dhahabu, vitatu ni fedha, kimoja ni shaba. Majirani wa ng'ambo ya mto wanasikia wakiwa shambani, nao wanajibu. Unaweza kuwa na simu kubwa namna gani, lakini hesabu inayoaminika huku ni ya mama.

Kupiga vigelegele hakukuanza na yeye. Wamama wa kwetu wametangaza hivyo kuzaliwa kwa watoto tangu zamani. Yeye alivihamishia kwenye medali tu, na hakuomba mtu ruhusa.

Siku za kuogelea na mieleka, Misri wakizoa medali, mama anasonya. "Waache wajaze kikapu. Mbio bado." Mbio zikianza, anaongea mpaka sauti inakauka. Nimemsikia akimgombeza mkimbiaji wa Ethiopia kama mtu aliyeachilia mbuzi wake kwenye shamba letu. Nampenda mama, haki, lakini kutazama michezo naye ni kazi.

Basi mara hii ya mwisho, dada yangu mdogo akachaguliwa. Si mbio, ni kurusha mkuki. Huo mkono wake aliuzoeza akifukuza ng'ombe wa watu kwa waru zilizooza, na waliokuja kushtaki niliwapokea mimi, kifungua mimba. Na ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo mpaka watu wakaongea kwa kunong'ona mbele yake. Sasa alikuwa amevaa rangi za Kenya. Nilitangaza ofisini Meru mpaka wenzangu wakaniomba ninyamaze.

Jioni ya fainali stima ikapotea, televisheni ikazimika. Kwetu mawingu yakikunja uso tu, stima inaenda. Tukakaa jikoni, mama na mimi, simu yangu mezani katikati yetu. Ikalia. Alikuwa dada, nikaweka spika.

"Mama, nimekuwa wa nne," akasema kwa Kimeru, kisha akaangua kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia. "Nimewaangusha. Msiningoje. Siji nyumbani, nitakaa Nairobi."

Akakata. Mama akainuka. Halafu akakaza kitambaa kichwani, akatoka uani, akapiga vigelegele vitano.

Ai! Nilimkimbilia. "Mama, ni wa nne! Wa nne hapati kitu!" Lakini ng'ambo walikuwa wameshajibu. Muda si muda jirani yetu, yule mama rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa langoni na jagi la maziwa, anahema. "Dhahabu! Mtoto wetu ameleta dhahabu!" Nikafungua mdomo kumrekebisha. Mama akanikanyaga mguu.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Jumapili dhahabu hiyo ilitangazwa kanisani, watu wakasimama na kushangilia. Mwalimu mmoja akajaribu kusema kwamba mtandao unasema mambo mengine. Akaambiwa mtandao haujui Kibirichia. Mama alikaa kwenye benchi lake akitazama mbele, mtulivu kabisa, na mimi nilikuwa nachemka. Wazo lilikuwa moja tu: yule mtoto akija akute hii aibu, hatarudi tena nyumbani maisha yake yote.

Lakini mama alisema aletwe, kwa hivyo nikamfuata Nairobi. Nilimkuta kwa rafiki yake, amejifunika blanketi mchana.

"Watu watasemaje?" akaniuliza.

"Watu gani? Watu wako na waru za kuchimba. Amka uvae viatu."

Ya dhahabu sikumwambia. Angesikia, hata winchi haingemtoa pale. Nilipanga tushuke kimya, tupite njia ya chini, tufike nyumbani kabla watu hawajajua.

Wapi! Tuliposhuka kituoni kwaya ilikuwa tayari, wamama wameshika matawi, mbuzi amefungwa kwenye mlingoti. Dada akanigeukia. "Hii ni nini?" Kabla sijajibu, jirani, jagi lake la maziwa mkononi, akamkumbatia. "Hebu tuione hiyo medali!"

Dada akainamisha kichwa. Akaificha nyuma ile mikono ya mkuki, na roho ikaniuma sana. Nikaanza kusema, "Tafadhali, jamani..." Mama akapita katikati ya watu.

"Hakuna medali," akasema. "Alikuwa wa nne. Nilijua tangu siku ile."

Wamama wakashusha matawi. "Lakini tulisikia vitano," jirani akasema.

"Mlisikia vizuri. Havikuwa vya Kenya." Akamshika dada mkono. "Huyu nilipomzaa, hakuna aliyepiga hata kimoja. Mlikuwepo. Alikuwa hawezi hata kulia. Mkaniambia ningoje, tuone kwanza kama atakaa au atatutoka. Nikangoja. Akatembea, akaenda shule, na bado niliogopa kuvipiga. Juzi alinipigia simu kutoka huko mbali akilia kwa nguvu, kwa kifua chote. Nikasema basi, huyu amekaa."

Dada alikuwa anamtazama mama, machozi yanamtiririka.

Jirani ndiye aliyekuwa amemwambia mama angoje, miaka ile. Aliweka jagi lake chini, akafuta mdomo kwa kiganja, akapiga kigelegele cha kwanza. Wamama wengine wakaingia. Walipofika cha tano, hawakuacha.